Tani 27 za Shimba

Shangazi yangu alikunywa manjano kwa miezi minne kabla hajamwambia mtu yeyote kwamba ana uvimbe kwenye titi. Kijiko cha unga, kijiko cha asali, pilipili manga ya kupondwa, maziwa moto. Kila usiku baada ya sala ya isha. Aliyemwelekeza ni muuza viungo wa Marikiti, Mombasa, na wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amesikia, kama tulivyosikia sote, kwamba Wazungu wenyewe wameshathibitisha. Uvimbe ulipoanza kuvuta ngozi ndipo shangazi alipokwenda hospitali, na alikwenda amenuna. Hakuzitaka dawa za kemikali. Alitaka kitu cha mtini, kitu alichokiotesha Mungu.

Nilimsindikiza mara sita kwenda kutiwa dripu. Mara ya tatu nilimuuliza muuguzi ile dawa iliyomo mfukoni inaitwaje. Paklitakseli, akanijibu. Usiku ule niliisoma habari yake, nikacheka peke yangu. Paklitakseli ilipatikana kwanza katika gome la mti. Mwaka 1962 mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Arthur Barclay, aliokota sampuli za mti wa kijani kibichi katika misitu ya jimbo la Washington, upande wa Pasifiki, na miaka 30 baadaye sumu iliyokuwa ndani ya gome lile ikaidhinishwa kuwa dawa ya saratani. Kumbe siku zote shangazi alikuwa akitiwa mtishamba mshipani.

Nilipomweleza alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Na kwetu, mwanangu? Wao wana mti wao. Sisi hatuna?"

Tunao. Ulikatwa miaka ya 1970, tani 27, ukasafirishwa hadi Marekani. Na haukukatwa mbali, ni hapo Kwale tu, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Shangazi amezikwewa ndugu zake kule, anaipanda barabara ile kila mwaka, na hakuwahi kusikia. Mimi nami sikuwahi. Ndiyo maana niliamua kuifuata njia ya mti huo tangu mwanzo wake hadi ndani ya chupa ya dawa, nijue ulipita wapi.

Kutoka Likoni matatu inafuata barabara ya kusini, kisha inakata kulia na kuanza kupanda. Joto la pwani linabaki chini. Ukifika Kwale, ukageuka nyuma, unaiona bahari yote kama kanga iliyoanikwa. Vilima vya Shimba vilifanywa msitu wa serikali mwaka 1903, na mwaka 1968 sehemu kubwa ikawa hifadhi ya taifa. Wageni huenda kumtazama palahala, maana Kenya nzima hapatikani kwingine ila hapa, na tembo. Wanaojua mimea wao huenda kutazama chini: vilima hivi ni miongoni mwa sehemu zenye mimea adimu mingi zaidi nchini.

Nilichokuwa nikikitafuta mimi ni kichaka ambacho wataalamu walikiita Maytenus buchananii. Hakina ua la kukusimamisha njiani. Ni cha ukoo ule ule wa miraa, jambo ambalo lilimfurahisha sana dereva wangu, akaniuliza kama basi naye anakinga saratani kila jioni. Nilimwambia ukoo si undugu wa kurithiana tabia. Hakuridhika.

Mzee mmoja wa Kidigo alikubali kunitembeza pembezoni mwa msitu. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwonyesha picha, nikamweleza habari za tani 27. Hakuwa na kumbukumbu yoyote ya ukataji huo, na hakujisingizia kuwa nayo, jambo lililonifanya nimwamini kwa mengine. Badala yake alianza kunihadithia mishale. Zamani wawindaji wa nyika, hasa Waata, walipaka mishale yao sumu iliyopikwa kwa mti wa msungu, na mafundi wa kuipika walikuwa Wagiriama. Tembo mzima huanguka.

"Lakini nyama yake," mzee akasema, "tuliila. Watu na watoto. Sumu ile kazi yake damuni. Tumboni haina kazi."

Niliiandika sentensi hiyo bila kujua kwamba nitaihitaji baadaye. Sumu ya msungu inaitwa uabaini. Huusimamisha moyo ikiingia kwenye damu, lakini utumbo huipokea kidogo sana. Wazee walikuwa wamekwisha kuipambanua dawa na njia yake ya kuingia mwilini kabla ya maabara yoyote kujengwa. Wala si mara ya kwanza mshale wa Afrika kuwafundisha madaktari wa Ulaya. John Kirk, aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa katika msafara wa Livingstone huko Zambezi. Mswaki wake uliguswa na sumu ya mshale iitwayo kombe aliyokuwa ameibeba, na baada ya kupiga mswaki akaona mapigo ya moyo yake yamepungua. Sumu hiyo ilipelekwa Edinburgh, Thomas Fraser akaichunguza, na ikawa dawa ya moyo.

Turudi kwenye kichaka. Njia yake haianzii Shimba bali Ethiopia. Mwaka 1960 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliungana na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo kukusanya mimea ya dunia na kuijaribu mmoja mmoja dhidi ya seli za saratani. Kazi hiyo iliendelea hadi 1982, na mimea iliyopita mikononi mwao inakadiriwa kufika 35,000. Ule mti wa Washington ulipatikana katika msako huo huo. Mwaka 1961 walichukua kutoka Ethiopia sampuli ya mmea wa jamii ya Maytenus. Ulipojaribiwa, dondoo yake iliua seli za saratani kwa ukali uliowashangaza. Ila dutu yenyewe inayoua haikuonekana. Ilikuwa ndogo mno.

Aliyeipata ni mwanakemia S. Morris Kupchan, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Virginia. Mwaka 1972 alitangaza umbo la kemikali aliyoiita maitansini. Katika mmea wa Ethiopia kila kilo moja ilitoa miligramu 0.2. Ili msomaji aelewe: chembe moja ya chumvi ya mezani ina uzito unaokaribia hapo. Unasaga kilo nzima ya mmea, unaichemsha, unaichuja, unaitenga hatua kwa hatua, na mwisho wa yote umebaki na kitu kama chembe ya chumvi.

Hapo wakafanya anachofanya mtu wa pwani akitaka kumjua mgeni: waliuliza jamaa zake. Walipima mimea mingine ya ukoo huo, na yule wa Shimba akatoa miligramu 1.5 kwa kilo, zaidi ya mara saba ya ndugu yake wa Ethiopia. Huo ndio uliokuwa msiba wake. Ndipo zikakusanywa kilo zipatazo 27,200 kutoka kwenye vilima hivi, ndani ya eneo la hifadhi.

Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa chini ya mwembe, mzee akinitazama. Hata kama hakuna kilichopotea njiani, kilo 27,200 kwa miligramu 1.5 ni gramu 41 hivi. Vijiko vitatu vya mezani vya sukari, na kidogo juu yake. Nilimwonyesha kwa kiganja. Akakitazama kiganja, akautazama msitu, akasema, "Basi hicho si kitu cha mchezo."

Miaka minne baadaye, walipohitaji mzigo mwingine, waliokwenda kukusanya walihangaika. Kichaka kilikuwa hakijachipuka vya kutosha. Anayekata mwarobaini nyuma ya nyumba huchukua tawi na kuacha shina. Hapa shina ndilo lililokuwa likitakiwa.

Je, Wadigo waliujua mmea huu kabla ya Wamarekani? Yameandikwa mambo mawili. Wataalamu wa mimea wanasema walifuata ukoo kutoka Ethiopia, wala hawakumfuata mganga. Watetezi wa haki za wenyeji wanasema Wadigo waliutumia siku nyingi kutibu maradhi yanayofanana na saratani, na maarifa hayo yakachukuliwa pamoja na shehena. Mimi naona yote mawili yanaweza kukaa nyumba moja. Kipimo cha Virginia hakikumhitaji mganga. Lakini neno uvimbe katika Kiswahili chetu ni pana, linabeba jipu na saratani kwa pamoja, na watu walioishi na msitu karne nyingi hawawezi kukosa la kusema juu ya kichaka chake. Kisichobishaniwa ni kwamba ridhaa ya Wadigo haikuwa sehemu ya biashara ile. Enzi hizo mmea wa porini ulihesabiwa kuwa wa wanadamu wote, maana yake wa yule mwenye maabara. Mkataba wa Bayoanuwai, uliozipa nchi haki juu ya mimea yao, ulikuja Rio mwaka 1992. Itifaki ya Nagoya ya kugawana manufaa mwaka 2010. Na sheria ya Kenya ya kulinda maarifa asilia mwaka 2016. Tani 27 zilikuwa zimekwisha kusagwa zamani.

Na baada ya kusagwa, dawa ikashindwa.

Hapa ndipo hadithi za mitishamba zinazozunguka kwenye simu zetu huwa zinakatizwa. Kwenye vyombo vya maabara maitansini ilikuwa kali kupita vinkristini, dawa ya saratani itokanayo na ua la Madagaska, kwa makumi ya mara. Seli ikitaka kugawanyika hujenga kwanza nyuzi nyembamba za kuvutia vinasaba huku na huku, mithili ya fundi anayefunga jukwaa la boriti kabla ya kupanda ukutani. Maitansini huzuia nyuzi hizo zisijengeke. Seli hukwama katikati, ikafa. Lakini seli za utumbo nazo hugawanyika kila siku, na mishipa ya fahamu nayo ina nyuzi zake. Wagonjwa waliojitolea kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1970 walipewa miligramu chache tu, wakatapika, wakaharisha, wakadhoofika, wengine mikono na miguu ikafa ganzi. Uvimbe haukupungua kiasi cha kuhalalisha mateso hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawekwa kando. Kupchan mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1976.

Ningeishia hapo ningekuwa na hadithi ya kusikitisha tu: msitu umekatwa, wagonjwa wameumia, hakuna dawa. Kilichoiokoa sumu ile ni wazo ambalo mzee wangu wa Kwale angelielewa kabla sijamaliza kulieleza. Mwindaji haimwagi sumu porini. Anaipaka kwenye mshale.

Kampuni ya ImmunoGen ya Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1981, ilitengeneza maitansini iliyobadilishwa kidogo ili iweze kufungwa kwenye kingamwili. Kingamwili ndiyo mshale. Aina moja, trastuzumab, hushika alama iitwayo HER2, ambayo imejazana juu ya seli za saratani ya matiti kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano au sita. Kila kingamwili hubeba molekuli tatu au nne za sumu. Huzunguka kwenye damu ikiwa imefungwa, haiidhuru kila seli inayoipita. Ikishika seli yenye alama humezwa ndani, ikavunjwavunjwa, na sumu ikafunguka mle mle. Kampuni ya Genentech ikaiendeleza. Katika jaribio la wanawake na wanaume 991 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, waliopewa dawa hii waliishi kwa wastani wa kati miezi 30.9, na waliopewa dawa za kawaida miezi 25.1. Tarehe 22 Februari 2013 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la Kadcyla. Tangu Ethiopia miaka 52 ilikuwa imepita.

Miezi sita si uponyaji, najua. Anayeihesabu miezi sita kuwa michache hajakaa na mgonjwa anayesubiri mjukuu azaliwe. Na baadaye dawa hiyo ilijaribiwa mapema zaidi, kwa wagonjwa waliobakiwa na saratani kidogo baada ya kemo na kabla haijasambaa. Ikapunguza kwa nusu hatari ya ugonjwa kurudi au kifo.

Lipo jambo jingine katika njia hii ambalo lilinifanya nicheke na kukasirika kwa pamoja. Mwaka 1977, wakati visiki vya Shimba vingali vibichi, watafiti wa kampuni ya Takeda ya Japani walitangaza kwamba wamempata bakteria, aliyetolewa kwenye jani la mmea wa jamii ya ndago, anayetengeneza kemikali ndugu wa maitansini. Bakteria hafugwi msituni. Hufugwa kwenye tangi, hulishwa sukari, huchacha kama tembo la mnazi, na kilo za mmea hazihitajiki tena. Sumu ya Kadcyla hutokana na uchachushaji huo. Baadaye, katika mmea wa Afrika Kusini wa ukoo huo huo, watafiti waligundua kwamba wanaoitengeneza maitansini ni bakteria wanaoishi ndani ya mizizi. Huenda hata kichaka chetu kilikuwa mwenye nyumba tu, mpangaji ndiye fundi.

Nilirudi Mombasa na maswali ya manjano yakiwa bado mfukoni, kwa sababu shangazi alikuwa ananisubiri nayo. Manjano nayo yana njia yake ndefu. Rangi yake ilitengwa Paris mwaka 1815 na Vogel na Pelletier, wakaiita kurkumini. Ukiinyunyizia seli za saratani kwenye kisahani cha maabara, zinakufa. Hilo ni kweli, na ndilo alilolisikia muuza viungo. Ila seli kwenye kisahani haina utumbo wala ini la kuitetea. Mtu akila manjano, sehemu kubwa hupita na kutoka, na inayoingia huharibiwa na ini upesi. Muuza viungo hakukosea kuhusu pilipili manga: mwaka 1998 watafiti wa Bangalore walionyesha kwamba piperini, ukali wa pilipili manga, hupandisha kiwango cha kurkumini damuni mara 20. Tatizo ni kwamba mara 20 ya karibu na hakuna bado ni kidogo.

Mwaka 2008 huko Houston wagonjwa 25 wa saratani ya kongosho walipewa gramu 8 za kurkumini kila siku. Wawili walionyesha dalili ya nafuu, mmoja wao kwa muda mfupi tu, na damuni ilipatikana kidogo sana. Manjano ya dukani yana kurkumini kiasi cha gramu 3 katika kila 100, kwa hiyo kuzipata gramu 8 jikoni ungelazimika kula zaidi ya robo kilo ya unga kwa siku. Hiyo si dawa, hiyo ni adhabu. Mwaka 2017 Kathryn Nelson wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walipitia majaribio zaidi ya 120 ya kurkumini kwa maradhi mbalimbali. Hawakuona hata moja lililofaulu kati ya yale ambayo mgonjwa na daktari wote wawili hawajui nani anapewa dawa na nani anapewa kidonge kitupu.

Nilimweleza shangazi kwa maneno ya mzee wa Kwale: sumu ya damuni haina kazi tumboni. Nyama ya tembo aliyepigwa mshale iliwafaa watoto kwa sababu hiyo hiyo inayoyafanya manjano yasimfae yeye. Akaelewa mara moja, kuliko alivyoelewa vipeperushi vyote vya kliniki. Kisha akaniuliza zile tani 27 zililipiwa kiasi gani.

Sikuwa na jibu la wakati ule. Nililokuwa nalo ni la juzi: mwezi Novemba 2023 kampuni ya AbbVie ilitangaza kuinunua ImmunoGen kwa dola bilioni 10.1, na dawa iliyoivutia zaidi, ya saratani ya ovari, inabeba sumu ya ukoo ule ule wa maitansini. Shangazi aliomba niitamke tena hiyo bilioni. Akauliza kama Kwale walipata hata zahanati. Nikamwambia mkataba wa kuwapa chochote haukuwahi kuandikwa.

Alimaliza dripu zake sita, akapasuliwa, akachomwa mionzi, na sasa huenda kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu. Maziwa ya manjano hajayaacha. Huyanywa kila usiku baada ya isha, anasema yanampa usingizi. Tofauti ni kwamba sasa daktari wake anajua.